Darubini ya Bei ya Jogoo

Raymundi alilala kifudifudi juu ya gunia nyuma ya stesheni ya Igalula, asubuhi na mapema, akisubiri mikono yake iache kutetemeka. Mbele yake, hatua themanini kwa hesabu ya miguu yake mwenyewe, lilisimama debe tupu la mafuta ya taa lililochorwa duara kwa mkaa. Debe halina kucha wala halimrukii mtu. Mikono ilitetemeka hata hivyo, na sababu yake hakuna aliyeijua isipokuwa mkewe.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1949. Raymundi alikuwa askari wa idara ya wanyama kwa miaka kumi na minane, mtu mrefu, mkimya, aliyejifunza kusoma kwa mapadri wa Tabora, na ambaye watu wa vijiji vya kando ya reli walimwita wanapoona nyayo za tembo kwenye mihogo au simba karibu na zizi. Bunduki yake ilikuwa ya Kijerumani, iliyobaki tangu vita vya kwanza. Wiki hiyo ilikuwa imepandishwa kitu kipya mgongoni, yaani kipya kwake: darubini ya kulengea, mrija mweusi wa chuma wenye urefu wa shibiri moja na nusu, uliochakaa rangi. Afisa wa wanyama wa Tabora, ambaye watu walimwita Bwana Nyama kama walivyowaita wote waliomtangulia, aliiokota mnadani katika vyombo vya fundi mmoja wa reli aliyerudi kwao, kwa bei ambayo mtu angenunulia jogoo. Aliituma Igalula kwa treni pamoja na risasi kumi na mbili na kikaratasi: *Ijaribu. Ikifaa ibaki. Isipofaa ing'oe uirudishe stoo. Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi.*

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kazi tu. Kwa Raymundi lilikuwa la kufa na kupona, kwa sababu macho yake yalikuwa yanakufa.

Si kwa mbali. Mbali aliona vizuri, hata mwewe juu ya mti wa ng'ambo ya reli. Yaliyokuwa yanakufa ni macho ya karibu. Kinundu cha shaba kilichoko mwisho wa mtutu, ambacho mpigaji hukiweka katikati ya pengo la nyuma ndipo afyatue, kilikuwa kimegeuka ukungu. Mwaka juzi kilikuwa na kingo, lakini sasa alikiona kama inzi aliyeanguka ndani ya maziwa. Mwezi wa Julai, katika kijiji cha Isenga, mwendo wa saa mbili kutoka stesheni, simba alisimama mbele yake hatua arobaini, ubavu wazi, asubuhi isiyo na upepo. Raymundi alilenga ukungu, akafyatua, na simba akaondoka mzima. Siku ya nane baadaye simba huyo alimchukua Leonia, mke wa Silasi, akiwa anakata kuni, na hawakupata mwili wote wa kuzika.

Raymundi alingoja watu waje kumwuliza. Hawakuja. Walikuwa wameshajijibu wenyewe. Askari huyu hajakosa miaka kumi na minane, walisema, na sasa akose kwa hatua arobaini? Huyo si simba wa Mungu. Ni simba wa kutumwa, na simba wa kutumwa risasi kwake hugeuka maji. Mtu mmoja alimtazama Raymundi akasubiri akubali au akatae, na Raymundi akainamisha kichwa. Ukimya ule ulimpa nafuu usiku ule. Lakini simba wa kutumwa lazima awe na mwenyewe, na baada ya mwezi mmoja mwenyewe akapatikana.

Alikuwa mzee Ngollo. Aliishi peke yake ukingoni mwa Isenga, pale njia ya zamani ya misafara ilipopita, njia ambayo sasa imebaki kama kovu la nyasi fupi porini. Ujanani alikuwa pagazi, akapeleka meno ya tembo Bagamoyo mara nne. Watu walitoa sababu zao. Nyayo za simba hupita nyuma ya nyumba yake. Mbuzi wake hawajaguswa hata mmoja. Na mzee hana mke wala mtoto wa kumsemea. Jumapili hii, baada ya misa, wanaume walikuwa wamekubaliana kwenda "kumwuliza". Kila mtu alijua maswali ya namna hiyo huanza kwa moto kwenye paa la nyasi.

Kwa hiyo darubini ikifaa, Raymundi angemwua simba kabla ya Jumapili, mzee angepona, na hakuna mtu angejua habari ya macho. Isipofaa, ilimbidi achague kati ya siri ya macho yake na roho ya mzee Ngollo.

Aliikagua kwa utaratibu, maana utaratibu ndio uliomtuliza. Aliielekeza kwenye ukuta mweupe wa stesheni: kioo kilikuwa na doa moja pembeni kama kinyesi cha inzi, lakini katikati palikuwa safi. Nyuzi mbili zilizokatizana zilionekana nyeusi na nyembamba, zenye kingo. Alikaribia kulia alipoziona. Akaizika bunduki katikati ya mifuko miwili ya mchanga, akasogeza kichwa kushoto na kulia bila kuigusa. Nyuzi zilibaki juu ya debe, zikicheza kidogo tu. Akaigonga kwa kidole kusikia kama kuna kilicholegea ndani. Kimya. Kisha akapiga.

Risasi ya kwanza ilitoboa duara. Ya pili ikaenda shibiri nzima kulia. Ya tatu ilipita nje ya debe.

Akakaa kitako, akaitazama darubini kama mtu anavyomtazama mgonjwa, hadi akaona mchubuko mpya kwenye rangi: mrija ulikuwa umesogea mbele kiasi cha unene wa ukucha. Pete mbili za chuma zilizoushika zilitengenezwa kwa darubini nene zaidi, na kila kishindo kiliusukuma. Kioo hakikuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa kwenye mshiko.

Hapo Raymundi alifanya kama ambavyo mtoto yeyote wa mrina asali wa Unyamwezi angefanya. Baba yake aliziba kila kitu kwa nta: mdomo wa mzinga, ufa wa kibuyu, mpini wa shoka unaolegea. Akachana kitambaa cha kanga kuukuu ya mkewe, akakichovya kwenye nta iliyoyeyushwa, akauvisha mrija na kukaza pete juu yake. Nta ilipopoa, alijaribu kuuzungusha mrija kwa nguvu zake zote. Haukwenda.

Kesho yake, siku ya Alhamisi, alirudi palepale kabla umande haujakauka. Risasi tatu, na matundu yote matatu yangefunikwa na kisahani cha chai.

"Umeanza kucheka peke yako," alisema Apolinaria mkewe, akimwekea uji. "Inafaa?"

"Inabaki."

"Basi mwandikie Bwana Nyama. Na habari ya macho umwandikie humohumo."

"Darubini ikiwa nzima, macho ni mazima."

"Baba Imakulata, macho hayanunuliwi mnadani." Akamtazama uso wake, akaacha. Kisha akasema taratibu, "Mzee wa watu hata kuni sasa hawamkatii. Nimeona jana."

Raymundi hakuumaliza uji, kwa sababu mlangoni alisimama Jilala, shemeji yake, kaka wa Apolinaria, Msukuma wa Nzega aliyefuata asali hadi Isenga akaoa hukohuko. Alikuwa ametembea haraka.

"Ndama wa Silasi," alisema. "Alfajiri hii. Amemburuta kwenye kichaka cha korongoni, na hajatoka. Shemeji, chukua hiyo bomba yako."

"Ni darubini."

"Mimi naona bomba. Huko Nzega tungeivutia tumbaku." Alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Walifika Isenga jua likiwa juu. Oktoba, kabla ya mvua, jua la Unyanyembe halina huruma; nchi nzima hunuka majani makavu na vumbi lililochemka. Raymundi alibeba bunduki begani, mrija mweusi ukitazama mbingu, mwendo wa saa mbili, kisha saa nyingine mbili za kufuata alama ya kuburutwa, hatua kwa hatua, wakisimama kila nzige aliporuka. Walipita uzio wa mzee Ngollo. Ulikuwa wa miiba iliyosukwa, mrefu kuliko mtu, bila pengo hata la kupitisha mkono. Mzee alikuwa akiziba mlango wake.

"Shikamoo, mzee," alisema Raymundi.

"Marahaba." Mzee aliiangalia bunduki, si uso. "Hivi ndivyo tulivyozungushia kambi za msafara. Mtu asiyejua kusuka miiba aliliwa Tura, aliliwa Kwihara, aliliwa popote. Nimewaambia hawa watu wasuke. Wanasema mbuzi wangu wana dawa."

Wakaendelea.

Saa nane mchana walilala nyuma ya kichuguu, hatua arobaini kutoka kichakani. Hatua arobaini zilezile. Raymundi aliuweka mtutu juu ya udongo moto, akatazama ndani ya darubini, na kwanza hakuona kitu isipokuwa vijiti. Kisha kijiti kimoja kikapepea inzi. Lilikuwa sikio. Chini ya sikio, taratibu, kama mtu anavyoona sura kwenye moshi, akaliona jicho moja la rangi ya asali, limefumbuliwa, linamtazama.

Moyo ulimdunda hadi nyuzi za darubini zikaruka pamoja nao. Alijikumbusha: kisahani cha chai. Akaanza kukaza kidole.

Nyuki akatua kwenye darubini.

Alikuwa mmoja, kisha watatu. Wakatembea juu ya pete ya nyuma, wakizama na kuibuka kama wako kwenye ua. Mmoja akamtambaa kopeni. Raymundi aliinua kidole gumba kumwondoa, akaigusa pete, na kidole kikateleza. Kilikuwa kimelowa. Akakitazama: nta, ya njano, laini kama mafuta ya kujipaka, imechuruzika hadi kwenye mbao ya kitako. Akausukuma mrija kidogo tu. Ukazunguka pole, bila sauti, na nyuzi zilizokuwa wima zikalala upande.

Aliijaribu asubuhi, kwenye umande. Asubuhi zote mbili, kwenye umande. Mwana wa mrina asali, aliyeona baba yake akianika masega juani yayeyuke, alikuwa ameiweka roho yake na ya Jilala juu ya nta mchana wa Oktoba.

"Piga," Jilala alinong'ona. "Shemeji, anakuona. Piga."

Raymundi alifungua midomo.

"Darubini imelegea."

"Iondoe. Tumia jicho."

Hapo sasa palikuwa pahala pale alipopakimbia tangu Julai. Jicho la asali halikupepesa.

"Jicho sina," alisema. "Kinundu cha mbele siwezi kukiona. Mwaka wa pili sasa. Julai nilikosa mwenyewe. Yule si wa kutumwa, Jilala. Nilikosa."

Jilala hakugeuza kichwa. "Nawe ukanileta hapa," alisema.

"Ndiyo."

"Basi nirudishe."

Walirudi kinyumenyume. Mtu ambaye hajawahi kumpa simba uso huku akitafuta ardhi kwa visigino hawezi kuelezwa urefu wa hatua mia moja. Kwenye hatua ya ishirini sauti ikatoka kichakani, si ngurumo, ila mkoromo wa chini uliopita ardhini na kupanda miguuni mwao. Walisimama. Mkojo ulimtoka Raymundi kidogo, naye aliusikia ukimshuka mguuni. Mkoromo ukakoma. Wakaendelea. Jilala alishika ukosi wa shati la shemeji yake, akawa anamwongoza kama anavyoongozwa kipofu, na hakuuacha hadi walipofika wazi.

"Nitamwambia Mwanangwa Shilinde na kijiji chake chote," alisema Raymundi walipofika njia ya misafara.

"Watakucheka."

"Wacha wacheke."

"Silasi hatacheka."

Hilo Raymundi alilijua. Ndilo lililomfanya aketi kwanza.

Siku ya Ijumaa hakugusa bunduki hadi saa sita ya mchana. Alikata vipande viwili kwenye ubavu wa debe lilelile la shabaha, akavipinda kwa nyundo hadi vikaukumbatia mrija, akakaza pete juu ya bati. Kisha akaiacha bunduki juani mpaka chuma hakishikiki kwa mkono mtupu, ndipo akapiga risasi mbili. Matundu yaligusana. Zilibaki risasi nne.

Jumamosi alisimama mbele ya nyumba ya Mwanangwa Shilinde, mkuu wa kijiji cha Isenga, mbele ya wanaume kama arobaini. Silasi alikaa mbele, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Mzee Ngollo aliitwa pia, akaachiwa nafasi tupu kila upande kama mwenye ukoma.

Hakujua jinsi ya kuanza, kwa hiyo alianza kwa kazi. Aliweka debe kwenye kisiki, akahesabu hatua arobaini kwa sauti, akaing'oa darubini na kumpa Jilala. Akasimama, akalenga ukungu, akafyatua. Debe halikutikisika.

"Debe hili," alisema akilionyesha. "Debe hili nalo limetumwa na nani?"

Akairudisha darubini, akakaza, akapiga tena. Debe likaruka kutoka kisikini.

"Ni macho yangu. Julai nilikosa kama nilivyokosa sasa hivi. Mlisema simba wa uchawi, nikanyamaza, kwa kuwa ilinifaa."

Mwanangwa Shilinde alikohoa. Mtu mmoja nyuma akasema, "Miaka kumi na minane tunamlisha kipofu," na vicheko viwili vikatoka, vikafa. Silasi alikuwa amesimama. Alimjia Raymundi mpaka pumzi zao zikachanganyika.

"Leonia alikuwa na siku nane," alisema. "Ungesema siku ile, ningemfungia ndani kwa kamba. Ulimnyima siku nane."

"Ndiyo."

Raymundi alingoja kofi. Lilimstahili, na alikuwa ameweka bunduki chini kwa ajili yake. Silasi aliangalia mikono yake mwenyewe, kisha akapita kando yake, akaenda zake njia ya kwake. Mkutano ulivunjika mmojammoja. Jumapili baada ya misa hakuna aliyekwenda kumwuliza mzee Ngollo chochote, ila wawili walikwenda kumwuliza namna ya kusuka miiba.

Simba aliuawa Jumatatu, saa saba mchana, kwenye korongo lilelile. Hakuna sifa ya kueleza. Raymundi aliogopa kuliko Alhamisi, kwa sababu sasa alijua hofu hiyo inapita wapi. Alitapika njiani, na Jilala akamwambia afadhali, mzigo umepungua. Risasi ya kwanza iliingia nyuma ya bega. Ya pili, ya mwisho aliyokuwa nayo, haikuhitajika, lakini aliipiga.

Walimkuta simba dume mzee, mbavu nje, jino moja la juu limevunjika na mwiba wa nungunungu umezama kwenye kiganja cha mbele na kuoza humo. Watu wa Isenga walimzunguka kwa mbali kwanza, wakitupa vijiwe kuona kama atainuka. Mzee Ngollo aliwapita, akainama taratibu, akalishika sikio la kushoto na kulinyoosha juani. Palikuwa na tundu, duara, kingo zimepona zamani. Risasi ya Julai. Haikugeuka maji. Ilipita shibiri tatu mbele ya pale ilipotakiwa.

Mzee alipitisha kidole chake kidogo kwenye tundu, kikatokea upande wa pili. Alikitazama.

"Miezi miwili," alisema, "mmenifungia humu ndani."

Hakumwangalia Raymundi alipolisema, wala hakumwambia yeye peke yake. Akalitua sikio, akajipangusa kidole kwenye nyasi, akarudi kwenye uzio wake.

Jioni Raymundi alimwandikia Bwana Nyama kwa penseli, mezani, Apolinaria akimshikia karatasi mbali kiasi cha mkono ili aweze kuziona herufi. *Darubini inafaa ikikazwa kwa bati, isikazwe kwa nta. Doa la kioo halizuii. Naomba ibaki. Macho yangu hayafai bila hiyo, na hilo ningepaswa kuliandika mwaka jana. Ukiona heri, nirudishe mimi stoo.* Aliikunja, akampa mkuu wa stesheni aipeleke na treni ya asubuhi. Kisha akaketi na bunduki mapajani, akakaza skurubu za pete ambazo tayari zilikuwa zimekaza, akasubiri jibu, na kila treni iliyopiga king'ora ikitoka Tabora ilimshtua.